Siku Daktari Alipotoa Betri

Haya nilisimuliwa na daktari mwenyewe mwaka jana, mvua zilipokuwa zinaanza. Alikuja kumwona mama yake akamkuta amelala, hakutaka kumwamsha, akaja kukaa barazani kwangu kungoja. Mama yake ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Baadaye nilimuuliza mama naye, na maneno yao yakalingana isipokuwa mahali pamoja, nami hapo nimefuata ya mama.

Daktari huyu ni wa masikio. Ndiye aliyeanza kuzunguka shule za msingi na gari lenye vyombo vya kupimia, akiwatafuta watoto wanaokaa nyuma darasani na kuitwa vichwa vigumu, kumbe hawamsikii mwalimu. Wapo wengi leo wanaosikia kwa sababu yake, na hilo hakuna wa kumnyang'anya. Chuo kikuu alichosomea kikaliona. Chuo hicho kina siku yake kila mwaka, wanaiita Siku ya Wahitimu. Si ile siku vijana wanapovaa majoho. Siku hii wanaitwa watu waliotoka pale zamani wakaenda kufanya la maana. Wanaketishwa mbele ukumbini, na kila mmoja anaonyeshwa kwenye kitambaa kikubwa kama ukuta, sinema fupi ya maisha yake, akieleza kwa mdomo wake alikotoka na alikofika. Sinema ikiisha anasimama pamoja na mtu wake aliyekuja naye, wanapigiwa makofi wote wawili.

Mtu wa daktari alikuwa awe mkewe. Lakini mke ni mwalimu, na juma lile alipangiwa kusimamia mitihani. Akafanya jambo jema kwa nia njema: akamleta mama mkwe wake kwa siri, akamshonea gauni la bluu, akampa kile kiti.

Asubuhi daktari akatoka chumbani huku anafunga tai, akamkuta mama sebuleni, ameketi wima ukingoni mwa kochi, viatu mguuni, mkoba mapajani.

"Shikamoo, Mama. Umefika lini?"

"Marahaba. Nimefika jana, ulirudi nimeshalala. Mkeo kasema nisikupigie simu, eti iwe ghafla. Imekuwa?"

"Imekuwa."

"Mbona uso kama mtu aliyemeza kidonge bila maji?"

"Ni tai, Mama. Imebana."

"Ilegeze basi. Leo si siku ya kunyongwa."

Daktari akacheka, akailegeza, lakini haikuwa tai. Sinema yake ilikuwa imepigwa zamani, na aliyoyasema mle alikuwa anayajua neno kwa neno.

Ngoja nieleze, maana bila hili mengine hayataeleweka. Mama huyu siye aliyemzaa. Mama mzazi alifariki mtoto akiwa bado anajifunza kutembea. Baba akaoa huyu, na hakukaa sana baba naye akafuata. Ndugu wa baba wakaja kugawana vyombo. Meza ilikuwa na wenyewe, kitanda kilikuwa na wenyewe, hata sufuria iliyotoboka ilipata wa kuigombea. Mtoto hakugombewa. Yule mjane alikuwa bado binti, angeweza kuolewa tena kesho yake. Akamshika mtoto mkono, akaenda kuomba kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka. Tunasema kila siku kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Wengine tunasema tu, yeye aliifanya.

Aliyewahi kusimama ndani ya mashine ya kusaga anajua. Injini inanguruma, mkanda unapiga, jiwe linalia, na unga unapaa hadi kwenye mbavu za paa. Humo mtu haongei kwa sauti, kwa sababu sauti haifiki popote. Wanawake wale walijifunga kitambaa puani kwa ajili ya vumbi. Ukiona mwenzio amekishusha ujue ana neno, basi unamtazama mdomo, nawe unamjibu kwa mdomo. Walikuwa wakimsengenya mwenye mashine kutwa nzima, naye amesimama katikati yao, anadhani wanatafuna kitu. Jioni mama alirudi nyumbani nyusi nyeupe, nywele nyeupe, kope nyeupe, kijana mwenye mvi za kukopa. Na kidogo kidogo masikio yakaenda. Kwanza hakusikia mlango ukibishwa. Baadaye hakusikia mvua kwenye bati.

Shuleni wenzake walimwita mtoto Pumba. "Pumba, mama yako mzimu huyo anakuja." Akawa akimwona mama kwa mbali na debe kichwani, yeye anavuka barabara, anajifanya anatazama upande mwingine. Mama aliona. Mwenye masikio mabovu macho yake hayalali. Lakini hakusema, akashika njia yake.

Mtu yeyote anayewajua hawa wawili, ukimuuliza daktari alisomea masikio kwa nini, atakushangaa. Aliyekosa jibu ni daktari mwenyewe siku alipowekewa kamera.

Chuo kilimtuma binti mmoja wa kupiga picha, akaja na taa zake ofisini kwa daktari. Kabla ya kuanza akamwambia, "Daktari, nikuombe kitu. Wenzako wote wamemlilia mama. Jaji kalia, mtaalamu wa mbegu kalia, hata mhandisi wa barabara, na yule alivyo na uso wa lami, kalia. Watu watachoka. Nipe kitu kipya."

Daktari akasema sawa.

"Kwa nini masikio?"

"Niliona jamii imeyasahau."

"Na katika safari yako, nani alikushika mkono?"

Hapo ndipo. Daktari anasema jibu lilimjia mdomoni kabla ya kichwani. Amekaa kwenye kiti chake cha kuzunguka, koti jeupe limepigwa pasi, taa zinamwakia usoni, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni hakuhisi punje ya unga mwilini mwake. Akasema, "Hakuna. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo sana. Mimi nililelewa na vitabu."

"Hapo hapo," binti akasema. "Usiongeze kitu."

Naye hakuongeza. Walipomtumia ile sinema aitazame kama ina kasoro, aliitazama, akajibu kwamba ni safi. Alijituliza kuwa hajadanganya, kwani mama aliyemzaa si alifariki kweli? Ukweli ukiukata katikati, kila kipande kinabaki kinafanana na ukweli. Na mama, alijua, hatoki nyumbani kwake, gari humtapisha.

Sasa mama yuko ndani ya gari, dirisha limeshushwa, ndimu mkononi ya kunusa, anazungumza njia nzima.

"Nimewaambia wote. Hata yule fundi viatu anayejifanya hanijui, nimemwambia. Eti wanawaonyesha mkiwa wakubwa kama nyumba?"

"Ndiyo, Mama."

"Na unasema?"

"Kidogo tu."

"Nitasikia yote. Mkeo kanisafishia kidude." Akajigusa sikioni. Kile kifaa cha sikio ni daktari aliyemwekea, kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo hospitalini, na mama hakuwahi kukiita kwa jina jingine zaidi ya kidude. "Unajua mimi sijawahi kukusikia ukizungumza mbele za watu? Shuleni ulipopewa zawadi nilikuja, nikasimama nyuma, nikaona tu unapinda mgongo kusalimia."

Daktari hakujua kama mama alikuja siku ile. Akashika usukani vizuri.

Walipofika chuoni alimketisha mama safu ya mbele, akamwambia anakwenda msalani, akapanda ngazi hadi kwenye kile chumba cha juu wanakoongozea mitambo. Binti wa kamera alikuwa pale, amevaa visikilizio shingoni.

"Naomba sinema yangu isionyeshwe," daktari akasema.

"Daktari, unanitania."

"Sikutanii. Au ukate pale niliposema vitabu."

"Pale? Pale ndipo pazuri kuliko sinema zote za leo. Mshereheshaji ameshaijua ile kauli, atakuitia hiyo. Kuna kosa gani?"

Ni swali jepesi. Angesema tu, mama aliyenilea ameketi pale chini, gauni la bluu. Daktari akamtazama mama kupitia kioo cha chumba kile. Kumweleza binti yule kulikuwa na maana ya kumwambia mtu mmoja kile ambacho hakutaka watu mia wakijue. Akasema, "Hakuna kosa. Nilikuwa na wasiwasi tu."

"Wote mnakuwa nao," binti akamcheka kwa upole. "Nenda ukakae, Daktari."

Akateremka ngazi. Anasema katika kuteremka kule ndipo wazo lilipomwingia, na lilimwingia kama mambo ya kazini yanavyomwingia, kwa wepesi, bila kelele. Akaketi karibu na mama.

"Mama, kidude kinapiga mluzi."

"Hakipigi."

"Mimi nakisikia. Hebu nikione."

Mama akamwinamishia kichwa. Akakishika kile kifaa kwa vidole vyake vilivyozoea, akafungua kimlango chake, akaitoa betri, kitu kidogo kama kifungo cha shati la mtoto mchanga, akakitia mfukoni. Akafunga kimlango, akakirudisha sikioni, akakibonyeza kikae vizuri.

"Betri imekwisha," akamwambia uso kwa uso. "Sikubeba nyingine."

"Imekwisha leo? Si uliiweka juzi wewe mwenyewe ulipokuja kwangu?"

"Nyingine huja mbovu, Mama."

"Haya. Basi nitatazama."

Alimwelewa, naye daktari hakujiuliza amemwelewaje bila kidude. Ulichokizoea hukioni tena. Taa zikazimwa.

Alitangulia jaji, akafuata mtaalamu wa mbegu, na mmoja mmoja akasimama na mtu wake, na kilio kilikuwepo kama binti alivyoahidi. Mama alipiga makofi kila watu walipopiga, akichelewa kidogo, huku anatazama kushoto na kulia aone waliacha lini. Daktari alipomwona anafanya hivyo alijisikia vibaya, akajiambia ni dakika chache tu, itapita, atampeleka nje, atamrudishia.

Halafu ikaja yake. Uso wake ukajaa kitambaa kizima. Kidevu kama mlango, meno kama matofali, na midomo ikifunguka na kufungwa polepole, wazi kabisa, kama mtu anayezungumza na mwenzake ndani ya mashine ya kusaga.

Hapo akang'amua. Akageuka kumtazama mama. Mama alikuwa ametulia, shingo ameinyoosha mbele kidogo, na midomo yake mwenyewe inatembea bila sauti, inafuata midomo ya ukutani, nusu neno nyuma. *Jamii imeyasahau.* Daktari aliisoma kwenye mdomo wa mama. Akataka kunyoosha mkono amzibe macho, na alijua huo ni wazimu. *Hakuna*, midomo ya mama ikasema. *Mama yangu alifariki.* Kisha ikasema *vitabu*, ikafunga, haikufunguka tena.

Makofi yakalipuka. Mama naye akapiga, safari hii bila kuchelewa.

Mshereheshaji akashuka na kipaza sauti, mtu mchangamfu mwenye koti la kumeremeta. "Daktari wa masikio, aliyelelewa na vitabu," akasema, na ukumbi ukapiga tena. Akawasimamisha wote wawili. "Na huyu mama mzuri tuliye naye, daktari, tuambie, ni nani wako?"

Kipaza sauti kikamjia mdomoni. Mtu akianguka shimoni halafu akashushiwa ngazi, utadhani ataipanda. Daktari akatazama watu, akatazama jaji, akamwona binti wa kamera kule juu kwenye kioo.

"Ni mzee wetu wa nyumbani," akasema.

Ni neno la heshima, halina ubaya, na halina mtu ndani yake. Mama alikuwa amemkazia macho mdomoni. Akageuka akawapungia watu mkono, akaketi, akalitandaza gauni lake magotini.

Wakati wa chakula waliwekwa meza moja na profesa mzee aliyemfundisha daktari zamani. Profesa yule ni mcheshi, akamwinamia mama akamuuliza taratibu, "Bibi, huyu umemfahamu tangu lini?"

Daktari akafungua mdomo aseme kwamba bibi leo hasikii. Mama akamtangulia.

"Tangu hajajua kufuta kamasi zake."

Meza nzima ikacheka.

"Na alikuwa mtoto wa namna gani?"

Mama akamtazama daktari, si kwa hasira, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali. "Waulize vitabu, baba," akamjibu profesa. "Si ndivyo vilivyomlea."

Wakacheka zaidi. Profesa akapiga paja, akasema bibi huyu ana maneno kuliko wahadhiri wake wote. Daktari naye alicheka, kwa kuwa asiyecheka angeonekana. Alijua sasa kwamba mama ameyapata yote, tena bila kupungukiwa.

Daktari akamrudisha mama kwake huku kwetu. Ndimu ilikuwa imekauka kwenye dashibodi. Walipofika kwenye taa nyekundu daktari akajipapasa mfukoni, akatoa betri, si ile moja tu, bali kadi nzima ya betri mpya ambayo haimtoki mfukoni tangu aanze kazi. Akamnyooshea. "Nikuwekee, Mama."

Mama akaitazama kadi.

"Kumbe zipo."

Daktari akaanza kuchomoa moja.

"Kipumzike," mama akasema, akafunika sikio kwa kiganja, akageukia dirisha.

Jua lilikuwa bado lipo walipofika. Mama akafungua mlango, akavua viatu, akaketi kitandani kwake na lile gauni. Ni chumba kidogo, kitanda, kabati, kiti kimoja cha mkono, na picha ya daktari siku ya kuhitimu imeninginizwa juu kidogo kuliko inavyofaa. Daktari alibaki mlangoni. Angeweza kuaga. Anasema aliwaza kabisa kuaga, aseme ana wagonjwa kesho. Badala yake akasema akiwa anatazama sakafu, "Mama, kuhusu leo."

"Inua uso," mama akasema. "Sisomi kichogo."

Basi akainua. Na hiyo ndiyo adhabu aliyoipata, hakuna nyingine aliyopewa. Sisi wengine tukiungama tunaangalia vidole vya miguu, tunamumunya, tunapitisha neno puani. Yeye ilibidi amtazame mama usoni, afungue mdomo vizuri, aseme kila neno zima zima. Nilisema hakuna aliyenishika mkono. Ulikuwa wewe. Niliona haya. Nilikwenda kuwazuia wasionyeshe, nikashindwa kusema sababu. Betri haikuisha, niliitoa. Niliulizwa wewe ni nani, nikakuficha tena. Palipokuwa pazito akateremsha uso, mama akagonga ubao wa kitanda, akauinua.

Daktari anasema alitoa machozi. Mama anasema hakuna machozi, alikuwa na mafua.

Alipomaliza mama akawa anakunja na kukunjua upindo wa gauni.

"Vitabu vilikupikia uji?"

"Hapana, Mama."

"Vilikukeshea ulipougua surua?"

"Hapana."

"Nilitaka nijue tu, labda vilikuja mimi nikiwa kazini." Akapumua. "Sikiliza. Ya sinema yameniuma, lakini si mageni. Ulikuwa unavuka barabara ukiniona. Nilikuwa nasema, ni mtoto, anaona haya, atakua. Haya, umekua. Masikio yangu mimi yaliliwa na mashine, na yule mwenye mashine hakukusudia, alikuwa anatafuta riziki yake kama mimi. Leo nimekuinamishia kichwa. Wewe, kwa mkono wako, ukalizima sikio. Hilo sikulitegemea."

"Nilitaka usiumie."

"Ulitaka usionekane. Usinichanganyie."

Daktari akakubali kwamba ni kweli. Akasimama pale hajui mikono aiweke wapi, halafu akatoa simu, akampigia binti wa kamera. Alimgeuzia mama uso ili auone mdomo. "Ile kauli ya vitabu si ya kweli," akasema kwenye simu. "Aliyenilea ni yule mama niliyekuja naye. Alikuwa mfanyakazi wa mashine ya kusaga. Mimi nilisomea masikio kwa sababu yake. Nataka kurudia."

Mama akamtazama mpaka mwisho. Akauliza, "Unazungumza na mtu au unanionyesha mdomo tu?"

"Nazungumza na mtu, Mama."

"Nitajuaje?"

Daktari akaona alipofika. Mama anayempenda kuliko wote hawezi kuamini kwamba upande wa pili wa simu kuna mtu. Akamnyooshea kadi ya betri. Akataka kumsaidia, mama akausukuma mkono wake. "Nipe, nitaweka mwenyewe." Vidole vyake vizito vilihangaika na kale kamlango, betri ikaanguka kwenye shuka, akaiokota, ikaanguka tena. Daktari alikaa anatazama, na kazi hiyo yeye huifanya huku amefumba macho. Mwishowe kikalia ule mluzi wake mdogo, mama akakipachika sikioni.

"Haya. Aseme."

Daktari akafungua spika. "Bado upo?"

"Nipo, Daktari," sauti ya binti ikatoka, imepoa. "Ila nikwambie ukweli, watu wameipenda sana ile. Mkuu wa chuo mwenyewe ameniuliza. Nikirudi kumwambia kwamba, sijui nitamwambiaje."

"Mwambie nilisema uongo."

"Yule mama wa gauni la bluu?"

"Ndiye."

"Alinipungia mkono pale juu. Nikasema moyoni, huyu bibi ni mchangamfu." Akaendelea, "Njoo Jumatatu. Siahidi kitu, lakini njoo. Na yeye, atakubali kuja?"

Daktari akamtazama mama.

"Mwambie gari linanitapisha," mama akasema. "Akinitaka aje yeye. Na asije na mataa mengi, nyumba yangu ina vumbi."

"Nimekusikia, bibi," binti akasema. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu, akamfanyia daktari ishara akate simu.

Daktari akapiga magoti karibu na kitanda ili aombe radhi vizuri. Mama akamkatiza kabla hajaanza.

"Nimechoka. Usidhani nimekusamehe, nimechoka tu. Hayo mengine nitayaona nikiamka."

Akakitoa kidude sikioni. Siku zote hukiweka juu ya kabati, ndani ya kikombe. Safari hii alikifunga kwenye kitambaa, akakisukuma chini ya mto, upande wa ukutani, mbali na kiti. Daktari aliona kwa nini amekiweka upande ule. Mama akajilaza na gauni lake, akageukia ukuta, na haikuchukua muda mabega yakaanza kupanda na kushuka.

Daktari akaondoa viatu vya mama njiani, akavipanga chini ya kitanda. Akafunga pazia. Kwenda nyumbani hakuweza, na hapa nako hakuwa na kazi. Akaketi kwenye kile kiti cha mkono, tai ikiwa bado shingoni, akawa anausikiliza usingizi wa mama. Alipanga maneno ya kumwambia mkewe, akayapangua. Alipanga ya Jumatatu. Aliwaza kwamba mama akiamka akamkosa atadhani amekimbia, na akimkuta, labda hatataka kumwona. Akaamua bora akutwe.

Nje watoto walikuwa wanaitana kuingia ndani. Daktari alikaza macho kwa muda. Kisha kichwa kikamwinamia begani, mdomo ukabaki wazi, naye akalala.